Wrth: Kihusishi Kimoja cha Kiwelisi na Makosa Niliyoyalipia

Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, katika makao ya wazee ninakofanya kazi kaskazini mwa Welisi, bibi mmoja wa miaka 89 alikaa kando ya dirisha tangu baada ya chakula cha mchana hadi giza lilipoingia, amevaa koti lake la kutokea, mkoba mapajani, akimngoja mwanawe. Mwana hakuja. Alikuwa amepiga simu asubuhi kuomba radhi kwamba gari limeharibika, na simu ile niliipokea mimi. Kwa kuwa zamu yangu ya usiku ilikuwa imekwisha, nilimwachia ujumbe mwenzangu aliyekuwa akiingia, tena kwa Kiwelisi, lugha niliyokuwa nimejifunza kwa miezi saba: "Deudwch wrtho fo." Nilikusudia kusema "mwambie". Nilichokisema hasa ni "mwambie yeye mwanamume". Mume wa bibi yule alikuwa akiishi chumba kimoja na mkewe, na kumbukumbu zake zilikuwa zimekwisha kudhoofika kwa dimenshia. Mwenzangu alimweleza yeye kama nilivyoagiza, mzee akaitikia kwa adabu, na baada ya muda mfupi habari ile ikawa imempotea. Mimi niliyasikia yote hayo Jumatatu nilipoingia kazini.

Tofauti ilikuwa ni irabu moja. *Wrtho* ni kwa mwanamume, *wrthi* ni kwa mwanamke. Katika Kiswahili "nilimwambia" haiulizi kama aliyeambiwa ni mke au mume, na mimi niliyezaliwa na kukulia Tanga sikuwahi kuona kwamba kuna pengo lolote hapo. Siku ile ndipo nilipoliona. Tangu hapo nimekikalia kitako kihusishi hiki kidogo, *wrth*, nikakisoma kama mtu anavyousoma mkataba baada ya kutapeliwa, na ninaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaokuja huku kuwa wauguzi, walezi wa wazee, wanafunzi au wenza wa watu, ili wasipite njia niliyopita.

Kwanza niseme kwa nini mtu ahangaike na Kiwelisi hata kidogo, kwa maana nilipofika niliambiwa na Waafrika wenzangu kwamba Kiingereza kinatosha. Katika sensa ya mwaka 2021 watu 538,300 hivi nchini Welisi walisema wanakizungumza Kiwelisi, yaani asilimia 17.8 ya walio na umri wa miaka mitatu na kuendelea, na mtu akisoma takwimu hiyo peke yake anaweza kudhani lugha yenyewe iko pembezoni. Lakini katika jimbo la Gwynedd, ninakoishi mimi, ni zaidi ya watu sita katika kila kumi, na katika mji wa Caernarfon Kiwelisi ndicho lugha ya dukani, ya kituo cha basi na ya watoto wanaogombania mpira. Kwa mzee ambaye dimenshia imemshika, jambo ni zito zaidi, kwa sababu lugha aliyojifunza ukubwani huweza kumtoka kwanza na akabaki na ile aliyonyonya kwa mama yake. Mzee wa namna hiyo ukimwuliza kwa Kiingereza kama anasikia maumivu, atakutazama tu. Hakatai kujibu, swali halijamfikia.

Nilianza vibaya. Nilinunua vitabu vitatu kwa mpigo, na viwili kati ya hivyo sijavifungua mpaka leo. Nikatengeneza daftari lenye safu mbili, kushoto Kiwelisi na kulia Kiingereza, kwa kuwa vitabu vyote vilikuwa vimeandikwa kwa wasomaji wa Kiingereza, na kila neno nikalitafutia mwenzake mmoja. *Drws* ni mlango, *bara* ni mkate, hapo hakuna tatizo. Nilipofika kwenye *wrth* nikaandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya "kando ya", kwa sababu mfano wa kwanza kitabuni ulikuwa *wrth y drws*, kando ya mlango. Wiki iliyofuata nikakutana na *dweud wrth*, kumwambia mtu, nikafuta na kuandika upya. Kisha *wrth gwrs*, bila shaka. Kisha *wrth gerdded*, wakati wa kutembea. Kisha *arian wrth gefn*, pesa za akiba. Kisha *caredig wrth*, mwema kwa mtu. Mpaka mwezi wa tatu mstari ule wa daftari ulikuwa umechanika kwa kufutwafutwa, na nilikuwa nimeamini kwamba neno lile halina maana yoyote, linatupiwa tu popote panapobaki nafasi.

Laiti mtu angeniuliza siku zile: je, mgeni akikuuliza maana ya "kwa" katika Kiswahili, utamjibu nini? Tunasema kwa mama, kwa kisu, kwa sababu, kwa miguu, kwa siku mbili, kwa heri, na hakuna Mswahili anayehisi kwamba anatumia maneno sita. Nilikuwa na ufunguo mfukoni tangu nilipotoka nyumbani, lakini nilikuwa nikiingilia Kiwelisi kupitia mlango wa Kiingereza, na kila nilichokiona kilinijia kikiwa kimekwisha kupindishwa na lugha ya katikati. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyofanya, kubwa kuliko hata lile la Jumapili, na ndilo lililoniibia muda mrefu zaidi.

Baada ya tukio la dirishani nilijiandikisha katika darasa la jioni la ngazi ya kwanza, inayoitwa Mynediad, yaani kuingia. Iligharimu zaidi ya ada. Nililazimika kuiacha zamu moja kila wiki, na kwa mtu anayetuma pesa nyumbani zamu moja si kitu kidogo. Kuna mwezi nilimpigia kaka yangu kumwomba asubiri karo ya mtoto hadi mwisho wa mwezi unaofuata, nikaona aibu kumweleza kwamba ni kwa ajili ya lugha ya watu ambao hata kuwapo kwao hajapata kukusikia. Anayetaka kujifunza kwa dhati alipange jambo hili na familia yake mapema, kabla ya kulipa, wala asifiche kama nilivyoficha mimi.

Darasani mwalimu aliandika ubaoni safu moja tu: *wrtha i, wrthat ti, wrtho fo, wrthi hi, wrthan ni, wrthach chi, wrthyn nhw*. Kwangu mimi, kwako wewe, kwake mwanamume, kwake mwanamke, kwetu, kwenu, kwao. Wanafunzi wenzangu, ambao wengi wao walikuwa Waingereza waliohamia huko, walishika vichwa: vipi kihusishi kinyambulike kama kitenzi? Mimi nilikaa kimya nikiitazama ile safu kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Sisi hatusemi "na mimi, na wewe, na yeye" peke yake. Tunasema nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao. Kihusishi kinashikamana na nafsi mpaka vinakuwa neno moja. Kitu ambacho wenzangu walikihesabu kuwa ni ajabu, mimi nilikuwa nacho tangu nikiwa mtoto, na nilikuwa nimekipita kwa miezi mingi bila kukisalimu. Usiku ule nililichana daftari la safu mbili na kuanza jingine, la Kiwelisi na Kiswahili.

Mambo yalifunguka moja baada ya jingine. Baada ya *wrth* herufi ya kwanza ya neno hulainika, *cwrs* likawa *gwrs*, *cefn* likawa *gefn*, *llaw* likawa *law*, na vitabu vinalieleza jambo hili kwa kurasa na kurasa kana kwamba ni fumbo. Lakini sisi tunasema ukuta mrefu na nyumba ndefu, ulimi na ndimi, na sikio letu halishtuki herufi ya mwanzo inapobadilika kwa sababu ya jirani yake. Kanuni si zilezile, na mtu asije akadhani kwamba anaweza kukisia, ila ule woga unapungua. Hata matamshi yalinipendelea: *th* ya *wrth* ni ile ya thelathini, na *dd* yao ni dh ya dhahabu.

Pale ambapo Kiswahili hakikunisaidia ni kwenye jinsia tu, na hapo nilihitaji dawa ya makusudi. Kwa majuma sita, kila nilipoingia chumbani kwa mkaazi, nilisema kimoyomoyo kabla sijafungua kinywa: *wrtho fo* au *wrthi hi*. Nilikuwa nikifika mlangoni nasimama kidogo, namtazama mtu mwenyewe, ndipo naingia. Ninampendekezea kila Mswahili zoezi hili. Jedwali la ubaoni halitoshi, kwa sababu kosa letu halitokani na kusahau. Linatokana na kwamba akili yetu haijazoea kuuliza swali hilo kabla ya kusema, na swali hilo huota mizizi upesi zaidi likifungwa kwenye uso wa mtu unayemjua.

Sasa nije kwenye asili ya neno, maana hapa ndipo lilipoacha kuwa rundo la matumizi na kuwa kitu kimoja. Kuna kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiwelisi, Geiriadur Prifysgol Cymru, iliyoanza kukusanywa mwaka 1921, toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 2002, na leo inasomwa bure mtandaoni. Kutoka huko na katika vitabu vya historia ya lugha za Kikelti, ukoo ambao Kiwelisi kimo, nilijifunza kwamba *wrth* ni ndugu wa *orth* ya Kikornwall, *ouzh* ya Kibretoni na *fri* ya Kiairishi cha kale, na kwamba mzizi wake wa mbali ni uleule wa kitenzi cha Kilatini *vertere*, kugeuka. Kwa hiyo mtu aliye *wrth* kitu ni mtu aliyekigeukia, uso wake ukiwa kwacho. Kiwelisi pia kina kiambishi awali *gwrth-*, ambacho ni neno lilelile katika umbo zito zaidi, lakini chenyewe kina maana ya kupinga: *gwrthod* ni kukataa, na *gwrthwynebu* ni kupinga, ambapo ndani yake mna *wyneb*, uso.

Niliposoma hapo nilisimama kabisa. Inawezekanaje neno moja lizae ukaribu na upinzani kwa pamoja? Kisha nikakumbuka jinsi tunavyoelekezana Tanga: duka liko mkabala na msikiti. Mkabala, yaani linautazama. Na adui je? Tunakabiliana naye. Shina ni moja. Ukimgeukia mtu uso unaweza kuwa unataka kumwambia neno, unaweza kuwa unamhurumia, na unaweza kuwa unataka kupigana naye. Kiswahili kilikuwa kimeshafanya safari ileile kwa neno lililotoka Uarabuni. Kuanzia usiku ule sikuhitaji tena daftari kwa ajili ya *wrth*. *Dweud wrth*: unasema huku umemgeukia, na hakika huwezi kumwambia mtu kitu ukiwa umempa mgongo. *Caredig wrth*: wema wenye uso. *Wrth y drws*: unaukabili mlango. *Wrth gerdded*: uko uso kwa uso na kutembea, ndimo ulimo. *Wrth law* ni kilicho karibu na mkono. Si kila tumizi linaingia humo kwa ulaini, na *wrth gwrs* niliikariri tu kama ilivyo, lakini mengi yalipata nyumba.

Nitoe tahadhari kwa anayependa asili za maneno kama mimi. Nilipokwenda Nant Gwrtheyrn, kile kijiji cha zamani cha wachimba mawe kwenye rasi ya Llŷn ambacho sasa ni kituo cha kufundishia Kiwelisi, nilimweleza mwalimu kwa uhakika mkubwa kwamba *gwrth* imo ndani ya jina la mahali pale. Haimo. Gwrtheyrn ni jina la mfalme wa kale, na sehemu zake ni nyingine kabisa, zenye maana ya mtawala aliye juu ya wengine. Silabi zilikutana kwa bahati. Asili ya neno ni ya kuthibitisha kwenye kamusi, vinginevyo mtu atajifundisha uongo na kuukumbuka vizuri sana, maana uongo wa kujitungia haufutiki upesi.

Jambo ambalo asili pekee haliwezi kukupa ni kujua kitenzi kipi kinachukua kihusishi kipi. Kuambia ni *dweud wrth*, lakini kumwuliza mtu au kumwomba ni *gofyn i*, kumwandikia ni *ysgrifennu at*, kumsikiliza ni *gwrando ar*, kumwaza ni *meddwl am*. Sisi kazi hii yote tumeiweka tumboni mwa kitenzi: ambia, andikia, ombea, pelekea. Kwa hiyo nilikuja kuona kwamba *dweud wrth* si maneno mawili. Ni "ambia" moja, na lazima likaririwe kama moja. Nilipoteza muda mwingi nikijifunza vitenzi peke yake na vihusishi peke yake, kisha nikavikosea kila nilipoviunganisha. Yeyote anayeanza leo aandike kitenzi na kihusishi chake kwenye mstari mmoja, pamoja na mtu: si *dweud* bali *dweud wrthi hi*. Tena achague tangu mwanzo kama anajifunza Kiwelisi cha kaskazini au cha kusini kulingana na mahali anapoishi, kwa kuwa kusini watamwambia *wrtho fe* pale tunaposema *wrtho fo*, na mimi nilianza na kitabu cha kusini nikawa nasema vitu ambavyo wazee wangu walivielewa lakini kwa kukunja nyuso kidogo, kana kwamba mgeni wao amegeuka mgeni mara mbili.

Kuna tumizi moja ambalo hakuna kitabu kilichonifundisha, nilifundishwa na yule yule bibi wa dirishani. Nitamwita Nain, jina ambalo watu wa kaskazini humwita nyanya. Asubuhi moja nilikuwa nikimharakisha avae, akanijibu kwa sauti ya kukereka: "Dw i wrthi!" Nikasikia "mimi kwake mwanamke", nikadhani dimenshia imeanza kumvamia naye kama mumewe, na karibu niliandike hivyo kwenye kitabu cha zamu. Bahati nzuri nilimwuliza kwanza mlezi mwenzangu. Akanieleza kwamba *wrthi* likisimama peke yake ni "kuwa mbioni na jambo", yuko kazini, anafanya sasa hivi, na kwamba mwanaume naye husema hivyohivyo kwa sababu hapo hakuna mwanamke yeyote anayetajwa. Umbo limeganda tu. Nain alikuwa akisema, kwa Kiwelisi fasaha kabisa, "ndiyo ninavaa!" Alikuwa na akili timamu kuliko mimi asubuhi ile. Nawasihi wauguzi na walezi: kabla ya kuandika kwamba mzee amechanganyikiwa, hakikisha si wewe ambaye hujaielewa lugha yake. Neno lililoandikwa kwenye faili la mgonjwa hubaki, na daktari anayelisoma baada ya mwezi hakuwapo pale.

Siku hizi nimefika ngazi ya tatu, na Nain bado yupo, ingawa mumewe tulimzika mwaka jana. Nilikuwa nimemwomba msamaha kwa ile Jumapili, nikitumia *wrtha i* na *wrthach chi* nilizozifanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi, na yeye akaniambia hakumbuki siku yoyote ya namna hiyo. Sijui kama ni kweli au ni ukarimu wake.

Kumbukumbu zake sasa zimeanza kumpotea kweli. Mwanawe, ambaye kazi imempeleka mbali, humwandikia barua kwa mkono kila baada ya wiki mbili, na mimi ndiye ninayemsomea. Kiwelisi hutenganisha kitu kinachotoka mahali na kinachotoka kwa mtu, kama sisi tunavyotenganisha "kutoka Tanga" na "kutoka kwa mama": *o Gaernarfon*, lakini *oddi wrth Mam*. Jana niliingia na bahasha, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake pale pale kando ya dirisha. Akaitazama bahasha, akaniuliza, "Oddi wrth bwy?" Kutoka kwa nani? Nikamjibu, "Oddi wrth eich mab," kutoka kwa mwanao, akatabasamu na kunyoosha mkono. Tulipofika nusu ya ukurasa wa pili akauliza tena, "Oddi wrth bwy?" nami nikaishusha barua, nikamtazama, nikamjibu tena.